Rosa Hakuwa na Mwajuma

Katika darasa la fasihi la kidato cha tano na cha sita kuna swali ambalo kila mwanafunzi hulisubiri: nafasi ya mwanamke. Ukilitamka tu, kalamu zinaanza kukimbia. Mwanamke kama mama na mlezi. Mwanamke kama chombo cha starehe. Mwanamke kama kiumbe duni asiye na uamuzi. Mwanamke kama mwanamapinduzi. Kila hoja hupewa mfano mmoja kutoka riwaya hii na mwingine kutoka riwaya ile, hitimisho linawekwa, alama zinapatikana. Nimefundisha na kusahihisha majibu ya aina hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na mazuri yapo mengi. Hata hivyo kuna jambo ambalo orodha ile hailigusi kabisa. Inamwonyesha mwanamke akiwa amesimama. Haisemi alitokaje hapa akafika pale. Haiulizi ni lini, kwa neno lipi na kutoka kinywa cha nani, binti aliyelelewa kuitika "abee" kila aitwapo alianza kujiuliza kwanza anaitiwa nini.

Mimi nimelisaka jibu la swali hilo katika riwaya za Kiswahili tangu nikiwa msichana, kabla sijajua kwamba ndilo ninalolisaka.

Ya kwanza ilikuwa Rosa Mistika. Niliisoma bwenini, nakala isiyo na jalada, imefungwa kwa gazeti, kurasa za mwanzo zimelegea kwa kushikwa na mikono mingi. Tulikuwa tumesikia kwamba kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na habari hiyo pekee ilitosha kukifanya kitembee kitanda kwa kitanda. Taa zilipozimwa tulisoma kwa tochi chini ya shuka, wawili wawili, mmoja akisoma kwa kunong'ona na mwingine akisikilizia nyayo za matroni. Wengi walikifuata kwa sababu ya yale mambo yaliyosemwa kuwa yamo ndani yake. Walipofika mwisho walikuwa wanalia.

Euphrase Kezilahabi alikitoa kitabu hicho mwaka 1971, akiwa kijana ambaye hajafika miaka 30. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, na huko huko ndiko alikomzaa Rosa. Baba wa Rosa ni Zakaria, mlevi. Mama yake ni Regina, mwanamke mchapakazi aliyezoea kipigo. Rosa anapokea barua ya mvulana, baba anaikamata, anampiga. Kuanzia siku hiyo anaishi akiwaogopa wavulana, naye baba anaihesabu hofu hiyo kuwa ni maadili. Halafu anakwenda shule ya wasichana Mwanza. Baba hayupo, fimbo haipo, na hakuna chochote alichowahi kufundishwa ambacho kingeshika nafasi ya fimbo. Kilichobaki cha maisha yake ni mteremko: wanaume, kutoa mimba, chuo cha ualimu, sifa mbaya iliyomtangulia kila aendako, na hatimaye mwanamume aliyetarajia kuolewa naye anamkataa kwa sababu ya yaliyopita. Rosa anajiua.

Walimu wetu walisema hiki ni kitabu cha malezi, na kwa sehemu ni kweli. Kezilahabi anamshitaki Zakaria waziwazi, hata kifo hakimnusuru na kesi hiyo. Lakini nilipokisoma tena nikiwa mwalimu, niliona kitu kingine ambacho kiliniuma kuliko kifo chenyewe. Rosa anafikiri. Pako mahali pengi ambapo anajitazama na kujiuliza amekuwa nani, na anaona sawasawa kabisa kilichomtokea. Akili yake iko macho. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia. Ana mama, ana wadogo zake wa kike, ana wasichana wenzake wa shule na chuo, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja anayeketi naye chini akamsikiliza mpaka mwisho. Anachokijua kinabaki ndani mwake, kinageuka kuwa hukumu, na hukumu anaitekeleza mwenyewe.

Bwenini kwetu tulikuwa na msichana aliyekuwa hodari wa kukisoma kile kitabu kwa sauti. Alijua kuibadili sauti: Zakaria alikuwa na yake, Regina yake. Shule zilipofunguliwa baada ya likizo moja tulipimwa mimba, kama ilivyokuwa desturi, tukiwa tumepangwa mstari nje ya chumba cha huduma ya kwanza. Jioni kitanda chake kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa. Hakuna aliyeelezwa kitu na hakuna aliyeuliza. Baadaye tuliambizana kwamba alijua tangu likizo, na hakumwambia yeyote. Nimelifikiria sana neno hilo, hakumwambia yeyote. Angemwambia nani? Mama ambaye angepigwa pamoja naye? Mwalimu ambaye kazi yake ilikuwa kuripoti? Sisi, watoto wenzake, tuliokuwa tumemlilia Rosa wiki nzima?

Mwaka ule ule wa 1971 alipotoka Rosa, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Vifungu hivyo viliishi miongo mingi. Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Ruhusa kwa wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali ilitangazwa Novemba 2021. Nayataja haya kwa sababu wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba riwaya hizi ni za zamani. Yule mwenzetu msomaji angekuwa mwanamke wa makamo siku tangazo lile lilipotoka redioni.

Nilikulia Tanga, na huko pwani msichana akivunja ungo hukabidhiwa somo, mwanamke mzima ambaye si mama yake, wa kumfunda. Somo wangu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilipelekwa kwake nikakaa ndani siku kadhaa, nikafundishwa usafi, namna ya kujitunza, adabu mbele ya wakwe ambao sikuwa nao, na mengine ambayo hayaandikwi. Mengi ya mafundisho yale yalikuwa juu ya kumridhisha mwanamume ambaye hajulikani bado. Zamani nilipokuwa chuoni niliyapinga mafundisho hayo kwa hoja kali, kama wenzangu wote. Sasa nayaona kwa macho mawili. Maudhui yake yalimfunga msichana, hilo sijabadili. Lakini mpangilio wenyewe ulikuwa na hekima: kwamba binti asiachwe peke yake na mwili wake na akili yake, kwamba awepo mwanamke mwingine ambaye ni wajibu wake kumjibu. Hata ule utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao wanaharakati wengi wameukosoa kwa utiifu unaouhubiri, ni mwanamke mgonjwa anayemwita binti yake akae karibu. Riwaya zilipokuja zilimkuta msichana wetu ameshavuliwa mpangilio huo na hajavikwa mwingine. Amepelekwa shule, amepelekwa mjini, na somo amebaki kijijini.

Kwa hiyo nilianza kusoma kila riwaya yenye mhusika mkuu wa kike nikiuliza swali moja: nani ameketi naye?

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, jibu si la kufurahisha, na ndiyo maana naipenda. Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa, mwanasiasa, mwenye heshima nje na udikteta ndani. Mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna wamefungiwa nyumbani. Maimuna hajui barabara, hajui soko, hajui watu. Ukimsoma katika kurasa za mwanzo unaona kwamba mwandishi hajampa mawazo mengi, na hilo si udhaifu wa mwandishi. Mtu aliyefungiwa hana vitu vya kufikiria. Kufikiri kunataka malighafi: sauti za watu, kulinganisha hiki na kile, kuona kwamba nyumba ya jirani inaendeshwa kwa namna nyingine. Maksuudi analijua hilo vizuri kuliko wahakiki wengi. Anachokizuia kwa makomeo ni huo mlinganisho.

Ulimwengu unamfikia Maimuna kupitia wanawake wawili wa hali ya chini: Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, na Bi Farashuu, mkunga. Bi Farashuu anaingia kwa kuwa Tamima yumo katika uchungu na mumewe hataki mambo ya hospitali. Lakini Farashuu ana lake. Binti yake, Mwanasururu, aliwahi kuwa mke wa Maksuudi, akadhulumiwa mali na kuharibiwa maisha. Kumtoa Maimuna nje ni kisasi. Msichana anafunguliwa mlango na mtu ambaye hampendi kwa ajili yake mwenyewe, anamtumia kama silaha, na matokeo yake ni danguro la Mama Jeni, pombe, miaka ya kupotea.

Nilipoifundisha riwaya hii mara za mwanzo nilikuwa nikiwaelekeza wanafunzi kwa Maksuudi, maana yeye ndiye dhalimu, na kesi yake ni nyepesi. Siku hizi tunakaa zaidi kwa Farashuu. Nawaambia: mwanamke anaweza kumwamsha mwanamke mwenzake na bado akamwumiza. Mzazi anayefunga mlango humwandalia binti yake kuangukia mkononi mwa mtu wa kwanza atakayeufungua, awe na nia gani. Maimuna hakuwa na namna ya kupima nia za watu. Kipimo hicho hupatikana kwa kuishi na watu. Hapa Said Ahmed Mohamed, Mpemba aliyezaliwa 1947 na kuzijua vizuri nyumba za aina hiyo, ameona mbali. Ufahamu unaokuja ghafla, bila mazoea, humfikisha mtu pabaya kabla haujamfikisha pazuri.

Vuta N'kuvute ndiyo riwaya niliyoifundisha kwa muda mrefu kuliko zote, na sijaichoka. Shafi Adam Shafi aliichapisha 1999, lakini mambo yake ni ya Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi mwenye miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Mumewe anamhamishia Mombasa, yeye anatoroka na kurudi Unguja, na jamaa zake hawamtaki tena: ameiaibisha jamii. Anakokimbilia ni Ng'ambo, kwa Mwajuma.

Asiyeijua Zanzibar hawezi kuuona ukubwa wa hatua hiyo. Mji Mkongwe kwenye mawe na maduka, Ng'ambo kwenye nyumba za udongo na makuti. Huku Wahindi na Waarabu, kule Waswahili maskini. Kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo ni mwendo mfupi kwa miguu. Kwa msichana wa jamii ya Yasmin ilikuwa ni kuvuka bahari. Na huko Mwajuma hampi hotuba. Anampa mahali pa kulala, chakula, utani, nguo, anampeleka kwenye taarab. Yasmin anaimba. Namna anavyobadilika haikuelezwa kwa tafakuri ndefu. Shafi si mwandishi wa tafakuri. Imeelezwa kwa mambo anayoyafanya kwa mara ya kwanza: kucheka kwa sauti, kula na watu ambao alifunzwa asile nao, kuimba mbele ya hadhira, kumpenda Denge, kijana anayewindwa na polisi wa mkoloni kwa siasa zake. Ukomavu wake wa kisiasa unatokana na ule wa nyumbani. Kabla hajaelewa kwamba nchi inatawaliwa, alishaelewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatawaliwa, na hilo alilielewa akiwa kwenye mkeka wa Mwajuma.

Kila mwaka darasani hutokea mvulana anayesema Yasmin ni mhuni. Huwa simjibu mimi. Mwaka mmoja mvulana alilisema hilo kwa kujiamini sana, akataja orodha ya wanaume katika maisha ya Yasmin, na wenzake wakamshangilia. Msichana mmoja, mkimya, ambaye sikuwa nimemsikia akichangia tangu muhula uanze, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nina mdogo wangu, ana miaka 15. Jana jioni alikuwa anacheza rede na wenzake. Naomba kaka aliyesema atuambie, kama mdogo wangu angeozwa leo kwa mzee wa miaka 52 akatoroka, yeye angemtafutia jina gani?"

Darasa lilitulia. Mvulana alisema hiyo ni tofauti. Msichana akamwuliza tofauti iko wapi, na wakaendelea hivyo mpaka kengele ikagonga, nami sikuwakatisha. Kilichonifurahisha ni kwamba baada ya yeye kusema, wasichana wengine wanne walinyoosha mikono kwa mkupuo. Mmoja wao alisema jambo ambalo nimelibeba tangu hapo: kwamba tofauti ya Yasmin na Rosa ni Mwajuma. Rosa angempata Mwajuma, asingekufa.

Alikuwa amesema kwa sentensi moja kile nilichokuwa nikikizunguka.

Tukiziweka riwaya hizi pamoja, kuna njia moja iliyokanyagwa mno. Msichana anafungwa nyumbani, anatoroka, anaanguka mjini, anauza mwili au anakaribia kuuza, kisha ama anakufa ama anaokolewa na ndoa njema. Maimuna na Rehema wa Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya 1976, wamepita humo. Waandishi wake ni wanaume, na wengi wao waliandika kwa huruma ya kweli. Siwezi kuidharau kazi ya Kezilahabi ambaye kitabu chake kilizuiwa, wala ya Shafi aliyewahi kufungwa kwa misukosuko ya kisiasa iliyofuata kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Lakini naikataa ile fikra iliyojificha chini ya njia hiyo, kwamba mwanamke hawezi kupata akili mpaka kwanza aharibikiwe. Kana kwamba danguro ndilo chuo chetu. Wanawake wengi niliowajua walijitambua wakiwa wanafua, wanahesabu fedha za kikoba, wanamsubiri mtoto kwenye foleni ya kliniki. Hakuna aliyeanguka popote.

Ushahidi wa hili niliupata kwa shangazi yangu, yule yule somo wangu, kupitia kitabu kilichoandikwa Senegal. Mariama Bâ alikitoa kwa Kifaransa mwaka 1979. Kwa Kiswahili tunacho kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mwalimu wa Dakar, amefiwa na mume. Yumo katika eda. Mumewe, kabla ya kufa, alimtelekeza baada ya kuoa msichana rafiki wa binti yao. Sasa amekaa ndani na anamwandikia rafiki yake wa utotoni, Aissatou, ambaye naye aliletewa mke mwenza, akaiacha ndoa, akajisomea na kwenda kufanya kazi Marekani. Kitabu kizima ni mwanamke akimweleza mwanamke. Hakuna kutoroka, hakuna danguro. Mama wa watoto wengi ameketi chumbani anayapanga maisha yake kwa maneno mpaka anayaelewa.

Shangazi alikuwa katika eda ya mume wake wa pili nilipokwenda kukaa naye. Alisoma Kurani vizuri, herufi za Kirumi zikimpa tabu, kwa hiyo nilimsomea mimi baada ya isha. Mwanzo alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgeni. Kisha tukafika mahali ambapo Tamsir, ndugu wa marehemu, anakuja baada ya arobaini kumwambia Ramatoulaye kwamba eda ikiisha atamwoa yeye, kana kwamba anadai kiti kilichoachwa na ndugu yake, naye Ramatoulaye, aliyekaa kimya miaka yote, anamjibu kwa maneno ya moto. Shangazi akashika mkono wangu.

"Ngoja. Rudia hapo."

Nikarudia.

"Na mimi walinijia," alisema. "Si huyu wa sasa. Yule wa kwanza alipofariki. Shemeji alikuja na wazee wawili, wameshapanga kila kitu. Nikawaambia nipeni siku saba. Siku ya saba nikawaambia hapana, na mwenye kutaka mali ya ndugu yake na aichukue, mimi si mali. Nikahama na mabegi yangu."

Nilikuwa na miaka ya kutosha, nina watoto wangu, na habari hiyo sikuwahi kuisikia. "Mbona hukuniambia, shangazi? Hata uliponiweka ndani?"

"Ulikuja ufundwe, mwanangu. Nilikufunda nilivyotumwa. Haya hakuna aliyenituma."

Kisha akataka nimsomee kuhusu Aissatou. Alitaka kujua kama rafiki atakuja. Nilimwambia anakuja, barua inaisha akiwa anatarajiwa kesho. Aliridhika sana na jambo hilo kuliko yote, akasema hata kama mume hakurudi si kitu.

Sijui uhakiki ulio bora kuliko ule. Mwanamke aliyekuwa na ujasiri wa Ramatoulaye kabla Ramatoulaye hajaandikwa alikuwa amekaa nao kimya kwa sababu mafundisho aliyopewa kuyarithisha hayakuwa na mahali pa kuuweka. Riwaya ilimpa mahali. Ndiyo kazi kubwa ya riwaya hizi kwa maoni yangu: kumfanya msomaji aone kwamba alichokijua peke yake kinaweza kusemwa mbele ya mwingine.

Waandishi wanawake wa Kiswahili wameanza kuitoa riwaya kwenye ile njia ya zamani. Clara Momanyi wa Kenya, katika Nguu za Jadi, ambayo wanafunzi wa sekondari nchini mwake wanaisoma kwa mtihani, amemweka Mangwasha, mfanyakazi wa ofisi ya chifu, mwenye mume na watoto. Anayaona maovu ya watawala akiwa kazini, kwenye meza yake, na mapambano yake ni ya jamii nzima. Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar ameandika Mungu Hakopeshwi, iliyoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell. Hawa nawasoma kwa shukrani, na nawataka wawe wengi. Vitabu hivi viwemo pia katika maktaba za shule za kata, ambako mara nyingi nakala moja inagawanywa kwa darasa zima.

Lakini tangu usiku ule wa shangazi kuna wahusika wengine wanaonijia ninapofundisha, na si wale ambao majina yao yamo kwenye maswali ya mtihani. Mwajuma anamfungulia Yasmin mlango. Nani alimfungulia Mwajuma? Alijifunza wapi kutomwogopa mtu? Alilipa nini? Biti Kocho anafanya kazi katika nyumba ya Maksuudi, anaona kila kitu, anajua siri zote, na sisi tunajua karibu kila anachomfanyia Maimuna na karibu hatujui chochote anachojitakia mwenyewe. Tazama mpangilio: binti wa mwenye nyumba anaamshwa na mtumishi, binti wa Mji Mkongwe anaamshwa na mwanamke maskini wa Ng'ambo. Mwamko ni wa yule mwenye nasaba, na mwamshaji anabaki pembeni akiwa tayari amekamilika, kana kwamba yeye alizaliwa akijua. Riwaya zetu zimewafanya wanawake hawa kuwa masomo wa kuwatumikia wengine, na hakuna aliyewatuma waseme yao.

Kwa hiyo nimeongeza kazi moja ambayo haimo katika muhtasari. Baada ya kumaliza riwaya, kila mwanafunzi anaandika sura moja kwa nafsi ya kwanza, msemaji akiwa mmoja wa wale wa pembeni. Wanalalamika kwamba mtihani hauulizi hivyo. Wanaandika. Wavulana wengi huchagua Mwajuma, na Mwajuma wao huwa mchangamfu kupita kiasi. Mwanafunzi mmoja, binti aliyewahi kufanya kazi za ndani mjini kabla ndugu hawajamrudisha shule, aliniomba nimpe Utengano, ambayo haikuwa kitabu chetu mwaka huo, akachagua Biti Kocho. Alileta kurasa nyingi. Biti Kocho wake anaamka alfajiri, anapiga hesabu ya mshahara anaodai, anakumbuka mwanamume aliyemkataa kwa hiari yake, anapanga kununua cherehani. Nilimwambia aendelee. Sura ya pili ameshaileta. Ina makosa ya tahajia kila mstari wa tatu, na ndani yake Maimuna hatajwi hata mara moja.